Jani Lisilo na Mti

Mvua za kwanza zikishanyesha katika nyanda za juu za Mbulu, njia za ng'ombe huanza kumeta. Ardhi ya Masieda, kata ya Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, inatokana na miamba ya kale sana inayooza polepole, na mwamba ukioza hautoi vyote kwa wakati mmoja. Vilivyo laini hugeuka udongo, vilivyo vigumu hubaki mchanga, na katikati yake husalia vipande vyembamba vya ulanga vilivyolala chali juu ya tope, kila kimoja kikirudisha mwanga kwa upande wake. Hunata miguuni. Mtoto anayeswaga ndama anaweza kukibandua kimoja kifundoni kwa ukucha, akakichana kuwa viwili, na kimojawapo akakichana tena, hadi ukucha ukose pa kuingilia. Ulanga wenyewe unakuwa bado haujafika mwisho. Kwa vipimo vya maabara, tabaka moja la ulanga lina unene wa nanomita moja hivi, yaani ndani ya milimita moja yanakaa matabaka milioni.

Ukiokota jiwe ambalo ulanga huo umetoka, utaona mistari: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, mingine minene kama kidole na mingine myembamba kuliko uzi. Ligonge ubavuni kwa nyundo, litapasuka kufuata mistari. Ligonge juu, litakusumbua. Wanajiolojia huuita mpangilio huo kwa jina lililotokana na jani, na hawako peke yao. Anayechonga milango Zanzibar ana jani lake. Mtunza nyaraka anayehesabu karatasi za muswada wa zamani ana lake. Wanahisabati nao wanalo, la ajabu kuliko yote. Majani haya yanafanana kwa sura, lakini kila moja limezaliwa kwa njia yake, na anayelisoma moja kwa kanuni za jingine hupotea njia mapema sana.

Tuanze na mwenye jina, yaani mti. Teremka kutoka nyanda za juu kuelekea bonde la Yaeda, ukute migunga. Chuma kile kitu kidogo cha kijani, kisichozidi punje ya mchele, umwulize mtaalamu wa mimea umeshika nini. Atakuambia hujashika jani. Umeshika kipande cha jani. Jani zima la mgunga ni lile tawi dogo lenye manyoya pande zote mbili, na vipande vyake vinaweza kufika mamia. Anajuaje? Haangalii ukubwa wala rangi. Anaangalia kwapa. Pale jani linapoungana na shina, juu kidogo ya kikonyo, huwa kuna chipukizi, hata kama ni dogo na limelala usingizi. Kwenye makwapa ya vile vipande vidogo hakuna kitu. Kipimo ni hicho tu, na ni kipimo kizuri kwa sababu hakidanganywi na macho. Mwarobaini, mnyonyo, mbuyu, mpapai: panga yote kwa macho na utachanganyikiwa. Tafuta chipukizi, mambo yanakaa sawa.

Mkulima wa mahindi anakijua kipimo hicho bila kukiita jina. Hindi halioti popote kwenye bua. Huota kwapani mwa jani, kutokana na chipukizi lililokaa pale tangu mmea ukiwa mdogo. Simama shambani saa saba mchana katikati ya msimu, mvua ikiwa imekata kwa wiki mbili, utazame jani moja kwa karibu. Kingo zake mbili zinakaribiana na jani linajikunja kwa urefu wake hadi linakuwa bomba. Upande wa juu wa jani la muhindi una mistari ya seli kubwa zenye ngozi nyembamba. Maji yakipungua hizo ndizo za kwanza kunywea, na zikinywea zinavuta kingo ndani. Jani likijikunja, eneo linalopigwa na jua linapungua na maji yanayopotea yanapungua pia. Jioni linakunjuka. Likibaki limekunjwa hadi asubuhi, mkulima anaanza kuhesabu hasara.

Alizeti, ambayo imeenea sana mashambani katika mkoa huu, ina mambo yake. Majani ya juu yanaota moja moja kuzunguka shina, na pembe kati ya jani moja na linalofuata inakaribia nyuzi 137.5. Pembe hiyo hiyo inatumika kupanga mbegu kwenye ua, na ndiyo sababu ukihesabu mistari yake inayozunguka unapata 34 kwa upande mmoja na 55 kwa mwingine, au jozi nyingine ya mfuatano ule ule. Yameandikwa mengi kuhusu hizo namba, mengine ya kichawi. Nayaacha. Lililo muhimu hapa ni kwamba jani la mmea linatokea kwa zamu, mahali panapotabirika, kutoka kwenye ncha ya shina inayokua.

Mwaka 1790 mshairi wa Kijerumani Johann Wolfgang von Goethe alichapisha kitabu chembamba kuhusu mabadiliko ya mimea. Hoja yake ilikuwa kwamba sehemu za ua, petali na stameni na nyinginezo, ni kiungo kile kile kinachotokea kwingine kikiwa jani, kimegeuzwa tu. Wengi walimwona mshairi aliyejipenyeza kwenye shughuli isiyo yake. Karne mbili baadaye, wanasayansi waliokuwa wakichunguza mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis walizima makundi ya jeni yanayoongoza ujenzi wa ua. Mahali pa petali na stameni paliota viungo vinavyofanana na majani. Maelezo ya Enrico Coen na Elliot Meyerowitz ya mwaka 1991 ndiyo yaliyoiweka hoja hiyo katika lugha ya jeni. Kwa hiyo petali jekundu ni jani, na kipande cha kijani cha mgunga si jani. Kwa wenye mimea jani ni nasaba. Linatambuliwa kwa ukoo wake, hata likijifanya kitu kingine.

Sasa rudi kwenye jiwe, ambako hakuna ukoo wala kwapa.

Mtu aliyesoma jiografia ya shule ya msingi anakumbuka miamba ya aina tatu: miamba moto, miamba tabaka na miamba geufu. Akiona jiwe la mistari, mkono unakwenda wenyewe kwenye jibu la pili. Tope lilitua, likafuatiwa na mchanga, tope tena, mchanga tena, na kila mstari ni msimu wake. Ni jibu la busara, na kwa jiwe la mistari la Mbulu si sahihi. Jiwe hili ni naisi, mwamba geufu, na mistari yake haikutua kutoka juu. Iliminywa.

Aliyelipa jambo hili jina lake katika jiolojia ni Charles Darwin, yule yule wa asili ya viumbe. Katika safari ya meli ya Beagle, kati ya 1831 na 1836, alitembea sana na nyundo huko Amerika Kusini, na mwaka 1846 akachapisha kitabu cha jiolojia ya bara hilo. Alikuwa ameona kwamba mistari ya madini ndani ya miamba geufu hushika mwelekeo mmoja kwa umbali mkubwa, bila kujali milima na mabonde yaliyopo juu yake. Tope linalotua ziwani haliwezi kufanya hivyo. Akashauri mpangilio huo upewe jina lake, linalotokana na jani, ili usichanganywe na tabaka la mashapo wala na ule mpasuko wa kawaida wa mawe ya vigae. Naona ni moja ya kazi zake nzuri, na ni wachache wanaomtaja nayo.

Jinsi jani la jiwe linavyotengenezwa ilichukua miaka kidogo kueleweka. Mwaka 1853 Henry Clifton Sorby, Mwingereza aliyekuwa akikata mawe kuwa vipande vyembamba vya kupitisha mwanga na kuviangalia kwa hadubini, alionyesha kwamba mawe ya vigae hupasuka vizuri kwa sababu chembe zake bapa zimegeuzwa zote zikalala upande mmoja kwa kuminywa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall alichukua nta ya nyuki, akaiminya kwa nguvu kati ya vibao, ikapasuka kwa majani hata bila kuwa na chembe bapa za kuonekana kwa macho.

Aliyewahi kusukuma chapati anaielewa kanuni hii kwa mikono. Unga ni ule ule, mafuta ni yale yale. Unavikunja pamoja, unaviviringisha, unaviminya kwa mti wa kusukumia, na chapati ikishaiva inabanduka kwa kurasa. Hukuweka kurasa moja moja ndani yake. Mkandamizo na mkunjo ndivyo vilivyozitengeneza, na zote zilipatikana katika kazi moja.

Katika naisi mti wa kusukumia ulikuwa milima. Mwaka 1951 Arthur Holmes alilipa jina la Mkanda wa Msumbiji lile eneo refu la miamba geufu linaloshuka upande wa mashariki wa Afrika. Leo tunajua kwamba mkanda huo ni makovu ya mabara ya kale yaliyogongana, kazi iliyofikia kilele chake kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita. Magharibi yake kuna kitovu kigumu cha Tanzania chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambacho hakikukubali kukunjwa kirahisi. Mbulu iko karibu na ukingo wa viwili hivyo. Milima iliyosimama juu yake imekwisha kumomonyoka kitambo, na tunachokanyaga ni mizizi yake, mawe yaliyokuwa kilomita nyingi chini ya ardhi, mahali penye joto linaloweza kuzidi nyuzi 600 za Selsiasi. Katika joto kama hilo jiwe haliyeyuki lote, ila madini yake yanahama. Ulanga unaota upya ukiwa umeukabili mkandamizo kwa bapa lake. Madini meupe yanajikusanya kwenye mistari yao, meusi kwenye yao. Chukua lenzi ya mkono, shika jiwe kwenye jua, uligeuze polepole: kuna pembe moja ambayo vipande vyote vya ulanga vinawaka pamoja, halafu vinazimika pamoja. Huko ndiko uso wa jani ulikoelekea, na kuanzia hapo unajua nguvu ilitokea upande upi.

Hapa ndipo hesabu ya umri inapoharibika. Katika miamba tabaka, kanuni ya tangu karne ya 17 inasema kilicho chini ni kikongwe kuliko kilicho juu, isipokuwa mambo yakipinduliwa. Katika naisi mstari mweusi hauna ukubwa juu ya mweupe. Haina ukurasa wa kwanza. Ipo miamba geufu iliyorithi mistari yake kwa tabaka za zamani, maana palipokuwa na udhaifu ndipo nguvu ilipopitia, lakini hilo ni jambo la kuthibitisha kwa kila mwamba, haliwezi kudhaniwa tu.

Mpasua mawe wa kokoto hahitaji Darwin wala Sorby. Huligeuza jiwe, hulipapasa, hugonga mara mbili kusikiliza, kisha huingiza tindo pale pale panapostahili. Mwanajiolojia anafanya kazi hiyo hiyo kwa dira. Anaweka kifaa juu ya uso wa jani, anasoma mwelekeo wake na mwinamo wake, na kwenye ramani anachora mstari mfupi wenye kijino kimoja na namba ya nyuzi pembeni. Ramani ya eneo kama Mbulu inaweza kujaa vistari hivyo. Si vya mapambo: anayekata barabara ubavuni mwa kilima anataka kujua kama majani ya jiwe yanainamia barabarani, kwa kuwa yakiinamia huko yatateleza. Anayetafuta pa kuchimba kisima anataka kujua mwamba umeoza na kupasuka wapi, maana naisi nzima haihifadhi maji ya maana. Maji yanakaa kwenye nyufa na kwenye lile tabaka la juu lililooza.

Vistari hivyo vya ramani ndivyo vinavyonipeleka kwa wanahisabati, na sitakaa kwao sana. Tuseme kila nukta ya nafasi imepewa mwinamo wake, kama vile mwanajiolojia angeweza kupima kila mahali bila kuacha hata sentimita. Je, inawezekana kila mara kuunganisha miinamo hiyo ikawa nyuso laini, moja juu ya nyingine, zisizokatana? Ukidhani ndiyo, umekosea. Ipo miinamo iliyopangwa kwa ustadi kiasi kwamba hakuna uso hata mmoja unaoweza kuifuata. Unaanza vizuri, unazunguka kidogo, unajikuta umepanda ghorofa nyingine. Kanuni ya kutambua lini inawezekana inabeba jina la Georg Frobenius, na ni ya mwaka 1877. Pale inapowezekana, kila uso huitwa jani. Mfaransa Georges Reeb, katika tasnifu yake iliyochapishwa 1952, alionyesha namna ya kuijaza tufe ya vipimo vitatu kwa majani ya namna hiyo, mengine yakijisokota bila kikomo kuukaribia uso wa umbo la tairi. Jani la Reeb halina ukingo, halina unene wala kikonyo. Wanahisabati wamelivua jani kila kitu, wakabakiza jambo moja: kila nukta iwe na jani lake, na majani yasikatane.

Katika mkoa huu huu wa Manyara, lakini mashariki yake, katika Wilaya ya Simanjiro, kuna jani la jiwe lililoleta fedha. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na hadi leo haijapatikana kibiashara mahali pengine popote duniani. Inakaa ndani ya naisi nyeusi yenye kinywe kingi, katika mkanda ule ule wa Msumbiji. Wachimbaji wanaifuata kwenye mikunjo ya mwamba huo huo mweusi, na wanatoka shimoni weusi kwa vumbi la kinywe. Duniani watu wanazungumzia kito. Mimi navutiwa zaidi na hiyo nyeusi inayotupwa pembeni.

Kinywe ni kaboni tupu, na kaboni hiyo imepangwa kwa kurasa. Ndani ya ukurasa mmoja atomu zimeshikana kwa nguvu ya ajabu. Kati ya ukurasa na ukurasa mshiko ni dhaifu sana. Ndiyo maana kinateleza mkononi, na ndiyo maana penseli inaandika, kwa kuwa kinachoitwa risasi ya penseli ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Ukipitisha penseli kwenye karatasi unaacha nyuma marundo ya kurasa za kaboni zilizochunwa. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wakiwa Chuo Kikuu cha Manchester, walibandika utepe wa gundi kwenye kinywe, wakaubandua, wakaukunja, wakabandua tena, hadi wakapata ukurasa wenye unene wa atomu moja. Walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2010. Jani jembamba zaidi ambalo mwanadamu amewahi kulishika lilipatikana kwa utepe wa dukani.

Penseli hiyo ndiyo wanayoruhusiwa kutumia watunza nyaraka wanapoweka namba kwenye karatasi za muswada wa kale. Wino haufutiki, penseli inafutika bila kuumiza. Namba inawekwa pembeni mwa kila karatasi, mara moja tu, kwa upande wa mbele, na upande wa nyuma unatajwa kwa herufi. Kwa hiyo karatasi ya 12 ina 12a na 12b. Wanahesabu karatasi, hawahesabu kurasa, na tofauti hiyo si ndogo. Ukurasa ni upande unaosomwa. Karatasi ni kitu, kinaweza kuchomoka, kupotea, kuibwa, kushonwa mahali pasipo pake.

Waandishi wa miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, wa Pate na Lamu na Mombasa, kwa kawaida hawakuweka namba. Walikuwa na ujanja mwingine, uliotumika pia kote katika miswada ya Kiarabu: chini ya ukurasa, kwenye kona ya kushoto, mwandishi huandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Msomaji akimaliza ukurasa analikuta neno hilo likimsubiri chini, na akianza unaofuata analikuta tena juu. Lisipolingana, karatasi imepotea. Katika utenzi wenye beti mia kadhaa, kila ubeti ukiwa umekamilika wenyewe kwa vina vyake, kinga hiyo ilikuwa na kazi kweli, kwa maana beti kumi zikianguka katikati masikio pekee yanaweza yasigundue. Jani la kitabu lina mbele na nyuma, lina linalotangulia na linalofuata. Hili ndilo jani ambalo mtu anakuwa nalo kichwani anapotazama mistari ya naisi, na ndilo linalompoteza. Wanaopenda kusema kwamba miamba ni kitabu cha historia ya dunia wangefaa waongeze kwamba kurasa nyingi za Manyara zilisukumwa upya zikiwa zimeshaandikwa.

Kwenye pwani kuna jani jingine, la patasi. Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna msikiti ambao sehemu kubwa ya jengo lake ni ya karne ya 18, lakini kibla chake kimebaki na maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Samuel Flury aliyachambua kwa kina mwaka 1922. Herufi zimechongwa kwenye matumbawe, na mikia yake inapanda juu, inagawanyika, inaishia kwenye nusu za majani na vichanua. Mtu asiyejua kusoma Kiarabu anaweza kudhani anatazama bustani. Anayejua kusoma anaweza kuhitaji muda kuzitenga herufi na miche yake.

Majani hayo yametoka wapi? Si kwenye mimea ya Kizimkazi. Yametoka kwenye uwazi. Hati ya Kikufi ina herufi nyingi fupi zinazotambaa chini ya mstari na chache zinazosimama wima. Ukiiandika kwenye ubao wa jiwe, nusu ya chini inajaa na nusu ya juu inabaki na mapengo. Mafundi wa Misri na Hijazi walianza kuyajaza mapengo hayo karne ya 9, kwa kurefusha ncha za herufi na kuzipasua zikawa majani. Mtindo ukasafiri. Wa Kizimkazi umelinganishwa na ule wa Siraf, bandari ya Uajemi iliyofanya biashara na pwani hii. Matumbawe nayo yalichangia, kwa sababu yale ya aina laini yakitolewa baharini yakachongwa yakiwa bado mabichi yanakubali mikato midogo, halafu hewa inayakausha yanakuwa magumu. Fundi aliyepewa jiwe la Mbulu asingeweza kuchonga ncha ya jani namna ile. Kila akigusa, jiwe lingechagua lenyewe pa kupasukia.

Milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni kisa cha baadaye, na kina maneno mengi. Milango ya zamani zaidi ya pwani, hasa ya kaskazini, ina michoro ya kijiometri na mikato mifupi. Wakati wa Sultan Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, ikaenea milango yenye kizingiti cha tao na mizabibu ya majani inayozunguka fremu yote, kazi iliyobeba mkono wa mafundi wenye asili ya Gujarati. Waongoza watalii wana kamusi yake: samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi, mtende ni neema, yungiyungi ni maisha mapya. Inasikika vizuri na inatoa picha nzuri. Wapo watafiti walioitilia shaka, nami niko upande wao. Fundi aliyechonga jani lile lile mara sitini kwenye fremu moja, kwa kiolezo kimoja na patasi yenye upana mmoja, hakuwa akiandika sentensi sitini. Alikuwa akijaza ubao wa msaji au mfenesi kwa mtindo ambao mteja ameuona kwa jirani yake na kuupenda. Maana inaweza kuja baadaye. Watu wana haki ya kuipa milango yao maana wanayotaka. Lakini kuiweka kinywani mwa fundi ni kumsomea mtu kitabu ambacho hakukiandika.

Jani la mlango halina kwapa. Litazame kwa karibu: mche unapinda, jani linatoka, na pale linapotoka fundi ameweka jani jingine dogo au duara tupu kuficha kiungo, pale pale ambapo mti ungeweka chipukizi. Majani ya upande wa kulia wa fremu yanaelekea kushoto, na ya kushoto yanaelekea kulia, kwa sababu kiolezo kiligeuzwa upande wa pili. Hakuna mmea unaoota hivyo. Mtaalamu wa mimea akiulizwa ni mti gani, atakosa jibu, na wenye mlango hawatalihitaji jibu hilo.

Anayetaka kujua mlango umetoka wapi ana mambo bora ya kuangalia. Mbao yake, kwanza. Kisha ule mhimili wa kati, mfaa, ulivyofungwa kwenye mlango jike au dume. Kisha kizingiti cha juu, katikati kabisa, pale majani ya pande mbili yanapokutana na kuachiana nafasi. Kwenye milango mingi hapo ndipo kuna maandishi: aya, au jina la mwenye nyumba, na mara nyingine mwaka wa Hijria.